Vidole Viwili vya Bi Naziha na Mwanamume wa Kwenye Benchi

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, Bi Naziha Ghorbel atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa Kitengo cha Kupima Mishipa, na Jumatatu hatakuja kulivaa tena. Ameitumikia hospitali yetu hapa Sfax kwa miaka thelathini na sita. Wakubwa walimwomba aongeze miaka miwili kwa mkataba, nasi wote tulijua atakubali, kwa sababu alikwisha kutuambia kwamba atakubali. Kisha akakataa. Wengi mmeuliza kwa nini, na wengine mmejitungia majibu yenu huko kwenye mkahawa wa wafanyakazi. Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa kuwa nilikuwamo chumbani siku aliyobadili nia. Nadhani sababu nyingine ni kwamba nimeolewa mwezi wa Julai, na kila mtu hapa anajua kuwa siku hizi naona mapenzi hata kwenye mashine ya kutoa fotokopi.

Kwa wale ambao hawajawahi kupanda ghorofa yetu, nieleze kidogo tunachofanya. Kila moyo unaposukuma damu, wimbi hukimbia ndani ya mishipa kuanzia kifuani hadi vidole vya miguu. Mshipa laini hulipokea wimbi hilo, hutanuka, hulipisha taratibu. Mshipa uliokakamaa hautanuki, na wimbi hupita humo mbio kama mtu anayefukuzwa. Sisi hulivizia wimbi hilo mahali pawili, shingoni na kinenani, tukajua limechukua muda gani kutoka hapa hadi pale. Mashine yetu ina kalamu inayogusa ngozi tu. Hakuna sindano, hakuna damu inayotoka, hakuna anayeumia. Kinachohitajika ni mgonjwa aliyetulia, futi ya kupimia umbali, na vidole viwili vinavyojua mshipa ulipo. Na katika kazi yetu polepole ndiyo habari njema. Hilo ndilo jambo la kwanza Bi Naziha alilonifundisha, na mpaka leo naliona ni jambo zuri sana kuambiwa mtu.

Vidole vyake viwili tumevionea wivu sote. Sisi wengine hupapasa shingo ya mgonjwa kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya wageni. Bi Naziha huweka vidole mara moja, na mshipa upo, kana kwamba ulikuwa umesimama pale ukimsubiri. Nimemwangalia kwa miaka minne na bado sijui anafanyaje. Mwenzetu mmoja alihamia kitengo cha kuchukua damu kwa sababu hiyo hiyo, akasema sindano angalau inampa mtu matumaini.

Futi nayo alikuwa na namna yake ya kuishika. Wengi mnamkumbuka mwokaji mikate mwenye kitambi aliyekuja akiwa amekwisha kuanza kuwaaga ndugu zake. Alikuwa amepimwa kwingine akaambiwa mishipa yake ni ya mzee wa miaka themanini. Bi Naziha alimlaza, akamtazama, akauliza futi ilipita wapi. Mwokaji akaonyesha kwa kidole: kutoka shingoni, ikapanda kitambi chote, ikashuka upande wa pili. "Mwanangu," Bi Naziha alimwambia, "damu haipandi mlima huu. Inapita chini yake." Akaishika futi hewani, imenyooka juu ya tumbo bila kuligusa, na mishipa ya mwokaji ikarudi kuwa ya mtu wa umri wake. Mkate wa shayiri tunaokula kila Alhamisi unatoka kwa bwana huyo. Tuombe tu asisikie kuwa Bi Naziha anaondoka.

Alianza kazi mwaka 1989 akiwa na kifaa cha presha cha kufunga mkononi na sikio zuri. Mwaka 1997 vilimjia vitu viwili kwa pamoja: mashine ya kupima mishipa, na mume. Mume ni Fundi Mokhtar, mshonaji wa majuba ya maharusi ndani ya mji wa kale, ambaye wengi wenu mliooa mmepita mikononi mwake. Hata juba alilovaa Anis wangu siku ya harusi ni lake, la hariri ya rangi ya maziwa, na sitasema mengi kuhusu jinsi lilivyomkaa kwa sababu mhariri amenipa nafasi ndogo.

Hapo ndipo ulipoanza ushindani ambao umekwisha mwezi uliopita tu. Kwa upande mmoja kitengo chetu, kwa upande mwingine Fundi Mokhtar, na katikati vidole vya Bi Naziha. Hadithi yenyewe tumeisikia mara nyingi kutoka kwa wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na haijabadilika.

Ilikuwa wakati wa chakula cha jioni, kuskusi kwa pweza, wiki ya kwanza ya mashine. Bwana harusi alimuuliza bibi harusi habari za kazi.

"Tumepokea mashine mpya," alisema Bi Naziha. "Leo tumepima shingo na kinena."

"Kinena cha nani?"

"Cha bwana mmoja wa posta."

Fundi Mokhtar aliweka kijiko chini. "Na kinena cha bwana wa posta kimepimwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa sindano?"

"Kwa vidole. Ndiyo sifa yake. Haichomi, haiumizi."

"Afadhali ingekuwa sindano," alisema Fundi Mokhtar. "Sindano haina vidole."

Bi Naziha hakucheka, kwa sababu aliona kuwa mumewe naye hacheki. Alimuuliza futi yake ya ushonaji ilizunguka kiuno cha nani juzi, maana alimwona binti mmoja akitoka dukani anatabasamu peke yake. Fundi akajibu kwamba yeye hupima juu ya nguo. Maneno yakaenda, maneno yakarudi, mpaka fundi akasema wazi: aache kazi, ama ahamie mahali ambako watu hupimwa wakiwa wamesimama.

Bi Naziha alikuwa anampenda mume wake. Alikuwa anaipenda pia ile kalamu, na lile wimbi kwenye skrini lililopanda na kushuka kama kilima cha mizeituni. Mimi niliyeolewa juzi nimejaribu kujiweka mahali pake na nimeshindwa. Yeye alimjibu hivi: "Njoo ukae mlangoni pangu. Ukisikia neno moja lisilokupendeza, nitavua koti siku hiyo hiyo. Usiposikia, usiniombe tena."

Kesho yake asubuhi Fundi Mokhtar alifunga duka, akaja amebeba benchi lake mwenyewe kichwani, lile ambalo wateja wake hukalia. Akaliweka kwenye ukumbi, nje ya mlango wetu, akakaa. Ndilo hilo hilo la bluu lenye kabari chini ya mguu mmoja, ambalo nyote mmelikalia mkisubiri zamu bila kujua limefikaje pale.

Akasikiliza. Kwa siku kadhaa alisikia mambo haya tu, kwa sauti ya mke wake: "Lala. Usiongee. Umekunywa kahawa? Nilisema usinywe kahawa. Usivute pumzi hivyo. Soksi vua. Usicheke, unatikisa kitanda." Mwishowe alimwambia Daktari Ghazi, mkuu wetu, ambaye siku hizo alikuwa kijana: "Daktari, nilidhani huku kuna maneno matamu. Kumbe ni yale yale ninayoambiwa nyumbani."

Hakumwomba tena aache. Lakini wivu haukuisha, ulibadilisha kazi tu. Fundi alirudi dukani, akakata kitambaa cha pamba cha kijivu, akashona suruali pana za wagonjwa zenye dirisha dogo linalofungwa kwa kifungo kimoja, ili mkono wa mke wake usione chochote isipokuwa pale unapotakiwa. Suruali ya kwanza aliileta mwenyewe, imepigwa pasi.

"Mokhtar," alisema Bi Naziha, akiigeuzageuza, "dirisha hili liko gotini."

"Mshipa si unafika gotini?"

"Unafika. Mashine haifiki."

Suruali ya pili dirisha lilikuwa mahali pake, lakini lilikuwa na ukubwa wa tundu la kifungo. Bi Naziha aliingiza kidole kimoja, akaomba cha pili nacho kipewe ruhusa. Ya tatu ndiyo iliyokaa sawa. Ili aishone sawa ilibidi fundi aonyeshwe mshipa ulipo, juu ya mwili wake mwenyewe, nyumbani kwao, na hayo mengine hayahusu jarida la wafanyakazi.

Sasa sikilizeni mkosi wa mtu mwenye wivu. Kabla ya suruali zile, nusu ya waliotumwa kwetu walikuwa wanakataa kulala kitandani. Akina mama wa makamo walikataa, imamu wa msikiti wa nyuma ya soko alikataa, mabwana wakubwa wa mashamba ya mizeituni walisema watarudi na hawakurudi. Baada ya dirisha la Fundi Mokhtar, wote walikuja. Imamu alikuja na kaka zake. Fundi alikuwa ameshona ili mke wake aguse watu kidogo, matokeo yake akawa anagusa mji mzima. Miaka iliyofuata, hospitali za Gabès na Gafsa zilituma watu kujifunza kazi kwa Bi Naziha, wakaomba na kielelezo cha suruali. Bi Naziha aliwapa ujuzi wote alionao. Fundi aliwanyima kielelezo. Alisema mtu anayetaka suruali ile naye awe na mke wake.

Na benchi hakuliondoa. Kila alipomaliza kazi mapema alikuja kukaa, akimsubiri, karanga mfukoni. Tulimzoea kama tunavyozoea saa ya ukutani. Wagonjwa walidhani ni mlinzi, wakamwachia viatu na mikoba.

Bi Naziha naye alikuwa na sheria zake. Baada ya Idi ndogo alifunga mlango siku kadhaa, kwa sababu mji mzima umekula samaki wa chumvi na sharmula, ule mchuzi wa vitunguu na zabibu kavu, na hakuna presha ya kuaminika kutoka hapa hadi bandarini. Simu aliichukua kwa kila anayeingia, wakubwa kwa wadogo, isije ikalia katikati ya kipimo. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa hii: hakuna kumpima mtu wa nyumbani kwako. Alisema mkono wa mpimaji husita, na moyo wa anayepimwa hautulii, na kipimo kinakuwa cha ndoa badala ya cha mshipa.

Mimi nilijaribu kuivunja wakati wa uchumba. Anis alipita kunichukua, nikamlaza kitandani ili nimwonyeshe kazi yangu. Moyo wake ulikwenda mbio hata mashine ikakataa kutoa jibu, nami nilifurahi sana, lakini Bi Naziha alinishika kiwiko, akanitoa nje, akasema atampima yeye. Nikakaa kwenye benchi la bluu. Na nikiwa pale, nikamsikia Anis anacheka. Kicheko cha kweli, cha chini, ambacho nilidhani nakijua mimi peke yangu. Anis ni mpigapicha wa harusi. Kutwa anawaambia wanawake waliopambwa wageuze shingo na watabasamu, na nilikuwa nimekwisha kujizoesha kuvumilia hilo. Kile kicheko cha nyuma ya mlango kilinishinda. Mpaka leo sijui alichekeshwa na nini. Nimemuuliza, amesema hakumbuki. Nalitaja hili ili msomaji ajue kwamba benchi lile lina kitu, hata mtu mwenye akili zake akilikalia.

Nije sasa kwenye mwezi wa Septemba.

Msimu wa harusi ulikuwa umekaribia kwisha na Fundi Mokhtar alikuwa ameinama juu ya cherehani tangu Juni. Siku moja alisimama kuchukua mkasi, duka likamzunguka, akakaa sakafuni kati ya vitambaa. Daktari Ghazi alimpima presha, hakuipenda, akataka mishipa yake ipimwe. Wakati huo mkataba wa miaka miwili ulikuwa mezani kwa Bi Naziha, unasubiri sahihi yake. Fundi mwenyewe alikuwa amemwambia aweke sahihi, kwa kuwa amekwisha kuzoea benchi na hajui atafanya nini na jioni zake.

Kupimwa, hata hivyo, alikataa. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala kwenye kitanda kile.

"Ni wewe au hakuna mtu," alimwambia mkewe, pale ukumbini, mbele yetu.

"Kuna sheria," alisema Bi Naziha.

"Ya kwako."

"Ndiyo, ya kwangu. Ndiyo maana siivunji. Rim atakupima." Akanielekezea mimi kidole.

Daktari Ghazi akajaribu kusaidia. "Fundi, binti huyu ana mikono mizuri sana."

"Ndiyo ninachokisema," alijibu Fundi Mokhtar.

Alikubali mwishowe, kwa sababu Bi Naziha alimwambia jambo moja sikioni ambalo hatukulisikia. Akaingia nyuma ya pazia, akavaa moja ya suruali zake mwenyewe, akatoka akiangalia pindo. "Nani anafua hizi kwa maji ya moto? Tazama uzi." Nikamwambia alale, asiongee. Bi Naziha alitoka, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile libebwe kichwani kuja kwetu, akalikalia yeye.

Shingoni nilipata wimbi upesi. Nikafungua kifungo cha dirisha.

"Umeshapata?" Sauti ilipita mlangoni.

"Bado, Bi Naziha."

"Usibonyeze sana."

"Sibonyezi."

Kimya kidogo. "Mbona kimya?"

"Tumeambiwa tusiongee," alijibu Fundi Mokhtar kutoka kitandani.

"Wewe nyamaza, unaharibu kipimo. Rim, mkono wako una baridi? Yeye hapendi mkono wa baridi."

"Una joto, Bi Naziha."

Hilo, nadhani, halikuwa jibu zuri. Tulisikia benchi likilia. Fundi Mokhtar alifumba macho, midomo ikaanza kumtetemeka, kisha tumbo, kisha kitanda chote. Alikuwa anacheka bila sauti, kama mtoto msikitini. Baadaye sauti ikatoka.

Mlango ulifunguka nusu. Kichwa cha Bi Naziha kikaingia.

"Anacheka nini?"

"Sijui," nilisema. "Sijafanya kitu."

"Mokhtar, unacheka nini?"

Fundi hakufumbua macho. "Binti, mwambie yule mama wa kwenye benchi atulie," alisema. "Watu wanapimwa huku."

Sijawahi kuona uso wa Bi Naziha ukibadilika rangi. Nimemwona akiwa na wagonjwa wanaomfokea, umeme ukikatika, wakaguzi kutoka Tunis wakimhoji, na uso ni ule ule. Safari hii ulikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Alifunga mlango polepole. Mimi nilikuwa na vidole vyangu kwenye dirisha la suruali ya mume wa mwalimu wangu na niliomba nimezwe na sakafu.

Tukasubiri moyo wa fundi utulie. Ulichukua muda, kwa sababu kila alipokaribia kutulia alikumbuka. Halafu wimbi likaja, safi, likapanda kilima chake, nikalikamata.

Matokeo ni siri ya mgonjwa, lakini mgonjwa ameniambia niandike: "Sema tu, wanangu wote wanajua." Wimbi la Fundi Mokhtar linakwenda haraka kidogo kuliko tunavyopenda. Daktari Ghazi ameandika dawa, amempunguzia chumvi, amemkataza samaki wa Idi, na amemwamuru atembee kila siku badala ya kuinamia cherehani tangu asubuhi. Hakuna la kuogopesha, ila ni la kushughulikiwa, na la kushughulikiwa na mtu mwenye sauti inayosikika.

Nilimwita Bi Naziha. Kwa kawaida yeye huingia akaenda moja kwa moja kwenye skrini, hata mgonjwa akiwa jirani yake, hata akiwa gavana. Siku hiyo skrini hakuitazama. Alikwenda kitandani, akafunga kile kifungo cha dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akasimama pale.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa pale nje," alisema.

"Ndivyo hivyo hivyo," alisema Fundi Mokhtar.

"Mtu anasikia kila kitu na haoni kitu."

"Na kinachosumbua zaidi ni kimya."

"Ndiyo. Kile kimya." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na miaka yote hii ulikuwa unakuja tu."

"Uliniambia nikikaa nisiombe tena. Nikakaa."

"Hukuomba tena."

"Sikuomba."

Nilijifanya nasafisha kalamu. Ilikuwa imeshasafishwa, nikaisafisha tena, kwa sababu kama ningepita mbele yao kuelekea mlangoni ningelia, na mimi siku hizi nalia kwa urahisi mno. Mwishowe Bi Naziha alinyoosha mkono bila kugeuka, akaniomba kalamu ya wino. Akaenda mezani, akauchukua mkataba, na mahali pa sahihi akaandika: Asanteni, hapana.

Fundi Mokhtar aliinuka kitandani. "Naziha, mimi sijakwambia uache."

"Sijakuuliza," alisema Bi Naziha. "Vaa viatu. Tunakwenda nyumbani kwa miguu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wale wa mkahawani waache kusema kwamba alikorofishana na utawala. Aliulizwa swali moja mwaka tisini na saba, na amelijibu mwezi wa Septemba, wakati ambapo hakuna aliyekuwa analiuliza. Mimi sijui mwanamke mwingine anayeweza kumpa mume wake zawadi ya namna hiyo na bado akaonekana ndiye anayemwamuru avae viatu.

Kwa hiyo sasa wivu umehamia kwetu, na tutauvaa waziwazi. Tunamwonea wivu Fundi Mokhtar. Kuanzia Jumatatu ataamka na vidole ambavyo sisi tumevitamani tangu tulipoanza kazi, na hatavitumia kwa lolote la maana isipokuwa kupewa kahawa isiyo na sukari na kuambiwa asivute pumzi hivyo. Mwokaji wa Alhamisi atamwonea wivu. Imamu na kaka zake watamwonea wivu. Wasichana wa Gabès na Gafsa aliowafundisha wamepiga simu, na mmoja amesema ni dhuluma mtu mmoja kuchukua vidole vya watu wengi. Ujumbe huo tumeufikisha kwa fundi. Ameucheka kwa kile kicheko chake cha msikitini.

Ameleta suruali mpya kumi na mbili kuwa zawadi ya kuagana na kitengo. Madirisha yote yako mahali pake. Ameleta na kielelezo, amekikabidhi kwa Bi Naziha, naye amekituma Gabès na Gafsa. Fundi alipoulizwa sababu ya kulegeza msimamo alisema mwenye mali amekwisha kurudishiwa mali yake.

Benchi alitaka kulichukua pia. Bi Naziha akasema libaki. Nilidhani analiacha kwa ajili ya wagonjwa, mpaka juzi, nilipotoka jioni nikamkuta Anis amelikalia, kamera mapajani, amekuja kunichukua mapema kuliko tulivyopatana.

"Umempima nani wa mwisho?" aliniuliza.

"Bwana mmoja wa bandarini."

Akatazama kamera yake, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Mzee?"

"Si sana," nilisema.

Tukashuka mpaka chini ya ngazi. Hapo akauliza kama Fundi Mokhtar bado anafundisha watu kushona. Nimekwenda na furaha hiyo mpaka nyumbani na bado ninayo ninapoandika.

Bi Naziha, asante kwa miaka thelathini na sita ya kutuambia tusiongee. Asante kwa futi iliyonyooka, kwa mkate wa Alhamisi, kwa kunitoa chumbani kwa kiwiko siku ile. Wewe na Fundi tembeeni kila siku kama mlivyoagizwa, mpite penye mizeituni ambako kuna kivuli, na mkichoka kaeni popote mtakapopata nafasi ya wawili. Kitengo kizima kinawaombea afya na jioni ndefu. Na mawimbi yenu, lako na lake, yasiwe na haraka ya kwenda popote.

Rim, Kitengo cha Kupima Mishipa